Mishale ya Chokaa

Mishale yote ilikuwa sawasawa. Nilikata mfano wake kwenye boksi, nikauweka juu ya kila jiwe na kunyunyiza chokaa, na pale ncha ilipotoka imepinda nilifuta kwa kiganja nikaanza upya. Mbio za mtaa wetu, Igogo, zilipanda kilima cha mawe na kuteremka mpaka ziwani, na kazi ya kuonyesha njia niliiomba mwenyewe. Mwenyekiti wa kamati alinishauri nifunge vitambaa vyekundu kwenye vichaka. Nilikataa. Vitambaa vinaning'inia ovyo, nilimwambia, na mbuzi watavila. Kuchora mishale nilijifunza kwenye simu, kama nilivyojifunza kukimbia: peke yangu, bila mtu wa kunikosoa.

Asubuhi ya mbio mvua ikanyesha. Haikufika hata nusu saa. Nilisimama chini ya paa la kanisa nikijua kabisa chokaa inafanywa nini kule juu. Mwenyekiti alikuwa hatua tano kutoka kwangu, anapangusa kipaza sauti. Ningeweza kumwambia. Niliogopa atataja vitambaa.

Mama alikuwa amejiandikisha na watembeaji, amevaa raba zangu za zamani za bluu. Alinipa simu yake nimshikie. Sisi tunakaa upande wa barabarani; kilima kile hajawahi kukipanda.

"Nafuata mishale tu, si ndiyo?"

"Ndiyo, mama."

Kwenye njia panda, juu ya nyumba za mwisho, jiwe lilikuwa tupu. Kushoto ni njia ya ziwani. Kulia unaingia kwenye mawe makubwa yenye nyufa, ambako hata wachunga mbuzi huangalia wanapokanyaga. Nami nilikuwa nakimbia, na hapo nilikuwa wa nne. Watatu wa mbele walizaliwa kilimani, njia wanaijua. Walio nyuma yangu waliniona nikikata kushoto, wakanifuata. Watembeaji walikuwa mbali, hawatamwona mtu. Nilijua natakiwa kusimama pale. Lakini sijawahi kuwa wa nne katika jambo lolote la miguu. Nikajiambia nitarudi nikimaliza, nikaongeza mwendo.

Nilimaliza wa tatu. Watu walinipigapiga mgongoni. Baadaye watembeaji wakaanza kufika, wawili wawili, wakilalamika kwamba wamezungushwa. Mama hayumo.

"Yule wa raba za bluu? Alikwenda kulia," mmoja wao alisema. "Aliona weupe wa chokaa umetiririkia huko. Tulimwita, akatujibu, 'Njia kachora mwanangu, niacheni.'"

Nilipanda tena mpaka kwenye yale mawe. Niliita, mawe yakanirudishia sauti yangu. Nilichungulia kila ufa huku nikimwomba Mungu, na katikati ya maombi nilijikuta napanga maneno nitakayowaambia watu. Hata pale nilikuwa nachagua neno zuri.

"Kelele zote za nini? Kilichoumia ni mguu, masikio ninayo."

Alikuwa amekaa kati ya mawe mawili, kifundo kimevimba, kiwiko kinatoka damu. Nilipiga magoti mbele yake nikalia. Aliniacha nilie kidogo.

"Umekuwa wa ngapi?"

"Wa tatu."

"Pale njia panda ulipita?"

"Nilipita."

"Mshale ulikuwepo?"

"Haukuwepo, mama."

Alishika jiwe, akajiinua. "Haya, geuka unibebe."

Nilishuka naye polepole. Nilisikia pumzi yake shingoni, na kila nilipoteleza alibana mabega yangu bila kulalamika. Ningefurahi kama angenitukana.

Kule chini mwenyekiti alitukimbilia. "Pole sana, mama yangu! Mvua hii imetuharibia. Na kijana kazi aliifanya vizuri, mishale mizuri kama ya kiwandani!" Watu wakaitikia: mvua, mvua kweli.

Nilimkalisha mama kwenye jiwe. Aliinua uso akanitazama, akangoja. Nilifungua kinywa.

"Ndiyo, mzee," nikasema. "Mvua."

Mama alimgeukia mwanamke aliyekuwa karibu, akamwomba amwitie bodaboda. Niliinama kumbeba tena. Alimshika yule mwanamke bega, akanipita akirukaruka kwa mguu mmoja mpaka barabarani.