Salamu Nane Kabla ya Bei ya Machungwa

Miaka ile viwanda vingi vya Tanga vilikuwa vimefungwa au vimeuzwa, na watu walikuwa wamezoea kusema "nimepunguzwa" kwa sauti ileile ya kusema wameshakula. Mimi nilipunguzwa katika kazi ya kufundisha Kiswahili na Kiarabu. Intaneti ilikuwa imefika mjini kwa waya wa simu, na waya huo ulikuwa mmoja kwa jengo zima. Ukurasa wenye picha ulichukua muda wa kutosha kumaliza kikombe cha kahawa chungu, nayo kahawa chungu hainywewi kwa pupa.

Chama cha wakulima wa machungwa wa upande wa Maramba kilikuwa na kompyuta nane za msaada na tatizo moja: madalali walijua bei za Mombasa na Dar es Salaam, wakulima hawakuzijua. Chama kilitaka tovuti iwe lango la mambo yote: bei za siku, zamu za malori, na kisanduku ambamo mkulima angeandika idadi ya machungwa yake na kuona thamani yake papo hapo. Masharti yalikuwa mawili. Ifunguke upesi, na isielemewe watu wengi wakiingia kwa pamoja. Ingejaribiwa na wajumbe wanane, kila mmoja na kompyuta yake.

Aliyeijenga alikuwa binti wa Kibondei niliyemfundisha sekondari, aliyerudi kutoka masomoni na ujuzi ambao mjini hapakuwa bado na mtu wa kuuajiri. Mezani kwake palikuwa na barua ya benki moja ya Arusha ikimpa kazi ya karani. Jibu lilitakiwa kabla ya mwisho wa wiki. Chama kikiikubali tovuti, angebaki Tanga na mama yake mgonjwa. Kikiikataa, angepanda basi. Mimi nilialikwa kuandika maneno.

Niliyaandika. Nilishikilia kwamba mgeni haulizii bei katika nyumba ya watu kabla ya kuamkiana. Kwa kuwa tovuti ilikuwa na umri wa majuma matatu, hapakuwa na utata kuhusu nani amwamkie nani. Ingetoa shikamoo kwa kila aingiaye, ingoje marahaba, kisha iulize za nyumbani, za watoto, za wagonjwa, za majirani, za shamba, za mvua na za safari. Binti alipendekeza salamu hizo zikae ndani ya ukurasa wenyewe, majibu yasisafiri. Nilimweleza, kwa mifano, kwamba jibu la salamu lisilomfikia mwenye nyumba halihesabiki kuwa limetolewa. Mwenye nyumba, yaani mashine iliyohifadhi tovuti, alikuwa ng'ambo. Binti alinisikiliza hadi mwisho, kwa kuwa nilikuwa mwalimu wake, akafanya nilivyosema.

Wajumbe waliketi katika ofisi ya chama mjini saa tatu asubuhi. Nilitarajia wangeandika "njema" na kupita. Sikuwa nimezingatia kwamba walikuwa watu wenye adabu. Kila mmoja alijibu kwa ukamilifu; kwenye swali la wagonjwa, mmoja alieleza goti la mkewe tangu lilipoanza kuuma. Majibu ya watu wanane yakapanga foleni katika waya mmoja, yakavuka bahari, yakangojewa.

"Ina adabu kuliko mkwe wangu," alisema mjumbe mzee kuliko wote, akiandika kwa kidole kimoja.

Hiyo ilikuwa salamu ya nne. Kwenye ya tano skrini zote ziliganda. Mzee alingoja, akakohoa, akajirekebisha: "Mkwe wangu hana adabu, lakini mlango anafungua."

Mwenyekiti alisimama. Alisema kampuni moja ya Dar es Salaam nayo ilikuwa imeomba kazi hiyo, lakini angetupa siku moja zaidi. "Kesho saa hizi hizi. Chai ya wajumbe ikitangulia bei, tutaagana."

Walipoondoka, binti aliitia barua ya benki ndani ya mkoba wake, kisha akaitoa tena.

"Mwalimu, naomba ruhusa nikuvunjie heshima."

Nilimuuliza kwa kiasi gani.

"Salamu saba katika nane."

"Na ya nane?"

"Itabaki, ila chini ya bei. Na jibu lake haliendi popote."

Nilifikiri kwa muda ambao yeye aliupima kwa saa ya ukutani, nikatoa ruhusa. Alifanya kazi mchana kutwa. Aliondoa pia picha ya chungwa, kwa hoja kwamba wakulima walikuwa wameshaliona.

Kesho yake wajumbe wanane walifungua kwa pamoja. Bei zilitokea vikombe vikiwa bado vinapangwa. Mzee aliandika idadi ya machungwa yake, akasoma thamani, akaifuta, akaandika idadi ileile upya. Thamani haikubadilika. Aliagiza lori la dalali lililokuwa likimngoja shambani liambiwe liendelee kungoja. Kisha akaiona shikamoo chini ya bei, akaitikia marahaba kwa mdomo, na akataka kujua kwa nini leo hakuulizwa za nyumbani.

Mkataba ulitiwa saini siku hiyohiyo. Binti aliijibu benki kwa sentensi mbili, akabaki Tanga. Mimi niliendelea kuandika maneno ya tovuti. Mahali pa kuyaweka aliamua yeye.