Gitaa la Nyuzi za Mshipi

Mume wangu alikuwa seremala wa vitanda, na jioni kule Unguja alikuwa akipiga udi. Tulipokimbia mwaka wa sitini na nne, udi ulibaki ukutani. Hapa Matrah, Omani, hakuutaja tena, mpaka siku alipopata pande la msaji kutoka mlango mkongwe, akaniambia anataka kuunda gitaa la umeme.

"Umeme wenyewe uko wapi, bwana?" Tulikuwa bado tukiwasha kandili.

"Utakuja. Nnataka unikute tayari."

Mimi nikisomesha wasichana Kurani chumba cha mbele, yeye akiranda uani. Muziki enzi zile haukuruhusiwa, lakini gitaa lile halikuwa na uwazi ndani. Lilikuwa ubao mtupu. Akilipiga, mtu wa chumba cha pili hasikii. Aliniita niweke sikio kwenye mbao, nikasikia kitu kidogo, kama mtu anayesema chini ya blanketi.

Sumaku aliitoa kwenye spika ya redio mbovu. Waya mwembamba kama unywele aliufungua kutoka pangaboi la meli lililoungua, akauzungusha kwenye sumaku kwa mkono, na kikohozi kikimkatiza kila mara. Kifua kilikuwa kimeshamwanza. Alichomwomba Mungu, baada ya afya, ni kulisikia gitaa lake likilia kwa sauti yake, japo mara moja.

Kambi ya mafuta ilipopata umeme, tukasikia kwamba fundi mmoja wa kule, Mgoa, ana kipaza sauti. Tukaenda pamoja kwa gari la mizigo. Mgoa akachomeka waya, mume wangu akapiga. Kimya. Akapiga kwa nguvu zaidi. Tulisikia mvumo wa mashine tu.

Mgoa akainama, akagusa nyuzi, akacheka bila ubaya.

"Mzee, hii mshipi ya samaki."

"Ndiyo. Hata udi wangu niliufunga hizi hizi."

"Sumaku hapana jua nailoni. Yeye taka chuma."

Nilidhani atavunjika moyo. Njiani akaniambia, "Basi kila kitu kizima, bibi, ila nyuzi," na uso wake ulikuwa mkunjufu. Nilimshukuru Mungu kwa furaha ile. Ndugu yangu aliyekuwa Kuwait akaahidi kutuletea nyuzi za chuma.

Alikuja nazo nikiwa nimekaa eda.

Hakujua aziweke wapi. Nikamwambia azifunge kwenye gitaa, alipeleke kambini, kwani mimi sikuweza kutoka. Aliporudi, alikaa mlangoni, gitaa magotini.

"Linalia, dada."

"Linaliaje?"

Akajaribu kunionyesha kwa mdomo. Hajapata kujua kuimba, maskini. Akatoa sauti kama ya mbu, akasita, akaanza upya, kisha akafunika uso kwa kilemba chake. Gitaa nikamwambia ampe yule Mgoa.

Nimesoma, na naamini, kwamba peponi mja hupewa alichokitamani. Kwa hiyo nasubiri, na nashukuru kwamba mkono wa mume wangu ulifanya kazi sahihi. Hata hivyo ziko siku nakaa peke yangu nikitaka kuikumbuka sauti ile, na sina cha kukumbuka.