Kigingi cha Kofia

Mama alipojifungua mapacha, nyumba yetu mlimani, juu ya kijiji cha Sekei, iligeuka soko. Enzi hizo za Mwingereza nilikuwa na miaka kumi na mmoja, na kila asubuhi tulianza kwa ugomvi. Kaka alidai maji aliteka yeye jana, mdogo wangu akauficha ufagio ili asifagie, na ng'ombe akalia zizini kwa njaa huku tukisutana.

Bibi, mama yake baba, akatoa dawa. "Huyu msichana aache shule amsaidie mama yake. Jina lake anajua kuliandika, anataka nini tena?"

Nililia kwa hasira, maana mimi sikuzaliwa mpole. Baba akanyoosha mkono tunyamaze. "Nakupa wiki mbili. Kazi zikiisha kabla ya kengele ya shule, utasoma. Zikilala, utabaki."

Siku hiyohiyo nikapigilia vigingi vinne ukutani jikoni. Cha kwanza cha kaka, cha pili cha mdogo wangu, cha tatu changu. Nikatundika debe la maji, ufagio na mundu wa kukatia majani ya ng'ombe. Kila jioni kila kitu kilihama kigingi kimoja kwenda kulia, na kilichokuwa kwangu kikarudi kwa kaka. Unachokikuta kwako asubuhi ndiyo kazi yako, hakuna mjadala. Kigingi cha nne nilikiweka kwa heshima tu, baba atundike kofia yake ya pama.

Mambo yakanyooka. Kaka alinung'unika kwamba majani ni kazi ya wanawake, lakini alikata. Mama alinyonyesha mapacha bila kupiga kelele, na mimi nilifika shule nikiwa nimenawa hata miguu. Nilivimba kichwa, nakiri.

Alhamisi ya wiki ya pili nilikuwa na shairi la kukariri, basi nikamwambia mdogo wangu, "Hamisha kila kitu kigingi kimoja kulia." Sikumwambia aruke kigingi cha baba.

Kesho yake asubuhi nilimkuta baba amesimama mbele ya ukuta. Mundu ulining'inia chini ya kofia yake. Baba alikuwa mzee wa kanisa, na huku kwetu mlimani mwanamume alichimba mfereji na kupalilia kahawa. Mzigo wa majani kichwani ulikuwa wa mkewe. Nikajua shule nimeiaga.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Hii ni zamu ya nani?"

Nilitaka kudanganya, ulimi ukakataa. "Yako, baba. Lakini ni makosa."

Akauchukua mundu akatoka. Bibi akashika kichwa. Baadaye tukamwona baba akirudi kwa njia kuu, ngata ya kichwani imepinda, majani yamemfunika macho, shingo imekakamaa. Wanawake waliokuwa wakishuka sokoni na ndizi zao walisimama wakicheka hadi kushikana.

"Mzee wa kanisa! Mkeo yuko wapi?"

"Yupo. Leo zamu yangu."

Ng'ombe alimaliza mzigo ule kabla baba hajafuta jasho, maana ulikuwa mdogo kuliko hata wa mdogo wangu. Nasi tulicheka, naye akacheka. Kisha akamgeukia mama akiwa bado anasugua shingo. "Kumbe hivi ndivyo ulivyobeba hadi wiki ya kuzaa?"

Mama akamhamishia pacha mmoja kwenye bega lake la pili. Kengele ikalia, na baba akanifokea, "Wewe unasubiri nini? Kimbia!"

Jioni nilihamisha vitu kwa mkono wangu, nikakiruka kigingi chake kwa uangalifu wote. Jumatatu mundu ulikuwa kwangu. Niliamka mapema, nikaenda kuuchukua, nikakuta kigingi changu kitupu. Kofia ya pama nayo haikuwapo.