Baba Hakuja Uwanjani

Nilikuwa msichana wa kwanza wa mtaa wetu wa Kapata kulipwa kwa kucheza mpira wa mikono. Nasema bila haya, maana nilirusha kweli. Makipa wa Tenke wakiniona naanza kukimbia tu, tayari wamefumba macho. Klabu moja ya mjini Kolwezi ilinipa mshahara, jezi na dawa ya kuchua bega, na majirani waliokuwa wakinicheka wakaanza kuniomba viatu.

Baba peke yake ndiye hakuja. Alikuwa mfanyakazi mstaafu wa mgodi na mzee wa kanisa, na kwa ukaidi hakuwa na mpinzani.

"Mi siwezi kuya kuangalia mutoto wangu anakimbia na kaputula mbele ya bantu," alisema, na mazungumzo yakaishia hapo.

Nilikasirika sana. Kila mechi ya nyumbani nilitafuta uso wake kati ya watazamaji, ingawa nilijua amekaa kwake anasikiliza redio. Mshahara wa kwanza nilimpelekea kama desturi inavyotaka. Akaubariki, asiulize nimeupataje. Nilitaka anione mara moja tu. Makombe wangeweza kuyachukua wengine.

Msimu wa tatu, huko Lubudi, nilirusha mpira nikasikia kitu kinakatika ndani ya bega. Daktari akaniambia mchezo umekwisha. Ng'ombe akivunjika guu hurejea zizini. Nikarudi Kapata, mkono umening'inia kwenye kitambaa, nikawa nachambua sombe, majani ya muhogo, kwa mkono mmoja na kumnunia kila mtu.

Miezi ikapita. Jioni moja baba alitoka sokoni na mpira mpya kwapani. Sijui ni nini kilichomlainisha. Akasimama uani, akakohoa.

"Mama," akaniita, kama anavyoniita akiwa na upole, "ile kazi yako mi sikuionaka. Unionyeshe."

Kitambaa kilikwisha kuondolewa, naye alidhani nimepona. Kumbe mkono wa kulia haukuwa ukipanda kupita kifua. Machozi yalinilengalenga. Nikauchukua mpira kwa mkono wa kushoto, ambao haukuwahi kurusha chochote, nikautupa. Ukabingirika polepole hadi miguuni pake.

Baba akapiga makofi, uso wote unacheka.

"Ndo vile ulikuwa unapigaka?"

"Ndiyo, tata," nikamjibu. "Ndo vile."