Kura Yangu Mkononi mwa Madam

Wakubwa wa uchaguzi kule nyumbani wanabadilisha masharti kama mtoto aliyeshika rimoti. Sisi tulioko nje tulijiandikisha kwa kitambulisho. Wiki ya kupiga kura yenyewe wakatangaza: pasipoti tu, tena iwe mkononi mwa mpiga kura tangu mezani hadi kwenye sanduku. Na tutamchagua rais peke yake. Loo! Hasira zangu mimi ni za gavana! Zahanati ya kwetu haina dawa ya presha ya mama, na yeye kazi yake kuzindua mageti yaliyopakwa rangi. Sawa, nikasema, basi nitamchapa rais kwa niaba yake. Ilikuwa kura yangu ya kwanza maishani na niliapa hainipiti.

Kasheshe ni kwamba pasipoti yangu ilikuwa ndani ya sefu ya madam, hapo mtaa wa Al Nahda, huku kwa Waarabu, ninapofanya kazi za nyumbani, pamoja na dhahabu zake. Nilipomwomba aliniangalia weee.

"Unataka kukimbia?" Mfanyakazi aliyenitangulia aliaga anaenda kununua vitunguu, hajarudi mpaka leo.

"Nataka kupiga kura, madam."

"Basi pasipoti nitaibeba mimi."

Ndivyo tulivyopanga foleni kwenye kituo cha kura, mimi na madam na abaya lake, katikati ya walinzi wa Jebel Ali na mayaya wenzangu. Si watu wakaanza kumfanyia kampeni! Huyu anamweleza bei ya unga, yule anamwonyesha mgombea wake kwenye simu. Madam alifurahi ajabu, akawa anauliza maswali.

Mezani karani akaniambia nishike pasipoti yangu. Nikaishika. Madam naye hakuiachia. Tukawa tunavutana kama watoto wanaogombea chapati.

"Madam, mwachie," karani akasema.

"Nikimwachia anaondoka."

"Kwenye kibanda haingii mtu wa pili, ila msaidizi wa asiyejua kusoma."

"Khalas, mimi ndiye msaidizi."

Nyuma watu wanapiga kelele, "Yalla, yalla!" Karani jasho linamtiririka. Akaniinamia. "Dada, kusoma unajua?"

Ningefanyaje? Mimi ninayewasomea wanawe hadithi kila jioni, nikasema sijui hata a. Madam akaapishwa kutunza siri, mkono mmoja juu, wa pili kwenye pasipoti yangu.

Jamani, nani angeniambia kwamba kwa masharti yao msaidizi ndiye anayeshika kalamu? Ndani ya kibanda nikamwonyesha kwa kidole: huyu hapa, madam. Akakisukuma kidole changu kwa kiwiko.

"Nimeona, nimeona."

Akainama, shela ikaifunika karatasi yote. Akatia alama, akaikunja, na kabla sijafungua mdomo akaitumbukiza sandukuni.

Tulipotoka alikuwa anameremeta. Alimpigia dada yake simu papo hapo kumwambia amechagua rais. Pasipoti ilisharudi mkobani na zipu imefungwa.

"Madam," nikasema, "alama umemwekea yule niliyekuonyesha?"

Alinitazama kwa huruma kabisa, akanishika bega.

"Habibti, hiyo ni siri. Nimeapa."