Simu ya Wietske na Biskuti ya Pili

Ukitaka ugomvi na Wietske Terpstra, mwambie simu yake imezeeka. Alikuwa dereva wa tramu Amsterdam mpaka alipostaafu, na simu hiyo aliinunua akiwa bado kazini: ile inayofunguliwa kwa bisibisi na kuchomolewa kipande kimoja kimoja, betri, kamera, kioo, spika. Kioo kilipopasuka alibadilisha mwenyewe mezani, huku viazi vinachemka. Kamera ilipofifia, akabadilisha. Wenzake walishazika simu nyingi. Yeye na yake ile ile, wanasonga.

Mkwewe Jorrit, mume wa binti yake, anayebadilisha simu kama soksi, alikuwa haachi kuicheka. Siku ya kuzaliwa ya Wietske mwaka jana, watu wamekaa duara kwenye viti, kahawa mkononi, akaropoka: "Mama, mkweche huo ukiwa hai mwakani, nauza yangu natumia kama wako."

"Na ukifa?"

"Unapokea nitakayokununulia. Bila kununa."

"Haya. Anza kuiaga yako."

Lo! Ijumaa, sherehe ya mwaka huu keshokutwa, tundu la chaji likafa. Wietske alipuliza, akachokoa kwa kijiti, akalitukana, wapi! Kiwandani wakamjibu kwa adabu zote kwamba kipande cha simu ya zamani hivyo hawatengenezi tena. Akaiwazia ile mpya, nyembamba, iliyogandishwa kwa gundi kama bahasha, na Jorrit kasimama pembeni akimwelekeza pa kubonyeza kama mtoto. Alitaka kulia kwa hasira.

Mtaa mzima, mwenye simu kama ile alikuwa mmoja tu: Roelof, mgane wa mlango wa tatu. Na yeye na Roelof walikuwa hawajasalimiana tangu baridi ya mwaka juzi. Kisa? Biskuti. Kila mwenye malezi anajua kahawa ni biskuti moja, kisha kopo linafunikwa. Roelof akapeleka mkono mara ya pili. Wietske akafunika. Mkono ulikuwa bado ndani.

Sasa maji yalikuwa shingoni, na mkono mtupu haulambwi. Akabeba kopo, akaenda kugonga.

"Jirani," alisema.

"Kumbe bado unanijua!" Roelof alificha vidole mfukoni.

"Acha vituko. Nataka kipande chako cha chaji."

"Na mimi nichaji kwa kitu gani? Kwa dua?"

"Betri zetu ni aina moja. Chomoa yako, niletee asubuhi, nitakuchajia kwangu."

Roelof akalitazama kopo. "Na hilo?"

Wietske akalegeza kifuniko. "Litakuwa wazi."

"Kila asubuhi?"

"Usinipande kichwani, Roelof!" Kisha akashusha pumzi. "Haya. Kila asubuhi." Roelof akaingia ndani, akarudi na kipande mkononi.

Jumapili wageni wakamiminika, wakapongezana wote kwa wote kama desturi ya kwao, hata jirani akapewa hongera kwa kuzaliwa kwa jirani yake. Jorrit alikuja na kiboksi chenye utepe. Hata kukaa hakukaa. Alitoa simu, akapiga namba ya mkwewe huku anatabasamu. Ndani ya mfuko wa aproni ya Wietske ikalia kengele ya tramu, kali, mpaka paka akaruka dirishani.

"Hongera, Mama," alisema Jorrit, uso umemshuka.

"Asante, mwanangu. Yako unaiuza lini?"

Watu wakaangua kicheko. Jorrit, kujipoza, akala biskuti moja, kisha akapeleka mkono tena kwenye kopo, ambalo Roelof alikuwa analifaidi kwa mara ya tatu. Pa! Kifuniko.

"Wewe umeshakula yako," alisema Wietske.

"Na huyu je?"

"Huyu ni fundi."

Basi ikawa desturi. Asubuhi Roelof anakuja na betri yake, inachajiwa, wao wanakunywa kahawa na kuwasengenya majirani, na kopo liko wazi. Wietske alilalamika kwa binti yake kwamba anafilisiwa. Siku moja ya mvua, Roelof alipochelewa, yeye huyo huyo alichungulia dirishani hadi shingo ikamuuma.

Jioni moja Wietske alimpelekea Roelof supu ya njegere. Mlango haukufungwa, mwenyewe yuko bafuni, anapiga mluzi. Na kwenye meza ya jikoni, simu ya Roelof imechomekwa ukutani, inakunywa umeme bila wasiwasi. Kumbe siku zote alikuwa na kipande cha akiba!

"Mshenzi wewe," Wietske alinong'ona. Damu ilimchemka. Akageuka na supu yake hadi nje, na alipofika kwenye ngazi zake alikuwa anacheka peke yake, sufuria inamtikisika mikononi.

Asubuhi hodi ikapigwa.

"Imekufa kabisa, jirani," alisema Roelof, akinyoosha betri, uso wa msiba.

"Pole sana." Wietske akaipachika kwenye simu yake, akaona imejaa pomoni, akaiweka kwenye chaji hivyo hivyo. Kisha akafunua kopo.