Taa Mbili za Shaba za Gari la Shangazi

Shaba ya njano ina sauti mbili. Ikiwa imetoka motoni na kupoa, ukiigonga kwa nyundo ya mbao inajibu kwa uzito, tu, tu, tu, kama mtu anayepiga mto kabla ya kulala. Ukiendelea kuigonga sauti inapanda kidogo kidogo, inakuwa nyembamba, inakuwa kali, mpaka inafika mahali inalia ti! kama kijiko kwenye glasi, na hapo lazima uache, maana pigo moja zaidi linaweza kupasua bati lote. Baba yangu hakuhitaji kuitazama. Alikuwa anaweza kuzungumza na mtu mwingine kabisa, habari za mvua au za mpira, na nyundo ikiwa tayari juu hewani, halafu mkono ukasimama. "Imechoka," alikuwa anasema, kisha anairudisha kwenye mkaa mpaka iwe nyekundu ya kiza, anaizamisha kwenye ndoo, na kazi inaanza upya kwa tu, tu, tu. Mimi nilizisikia sauti hizo nikiwa kitandani, chini ya blanketi mbili, katika nyumba yetu ya Soweto hapa Mbeya, kipupwe kikiwa kimeshika mji mpaka majani ya uani yanaamka meupe.

Nilikuwa na miaka kumi na moja na shule zilikuwa zimefungwa. Kwa haki nilipaswa kuwa Ruaha Mbuyuni kwa mama mdogo, kusaidia kuvuna vitunguu, lakini tangu nizaliwe mimi ni mtu wa nyumbani. Hata leo nikiambiwa twende mahali, kitu cha kwanza ninachouliza ni saa ya kurudi. Asubuhi ya safari niliumwa tumbo. Niliumwa kwa bidii, nikajikunja, nikakataa hata chai. Bibi yangu, mama yake baba, ambaye kwa utani wa watu wa pwani alikuwa ananiita mke mwenzake, alinitazama mlangoni akasema, "Huyu mwacheni. Basi likishaondoka atakula maandazi manne." Nilikula matano. Ndivyo nilivyokuwepo msimu ule wote, na ndiyo sababu nina la kusimulia.

Mambo yalianzia kwenye kikao cha harusi. Shangazi Mwanahawa, dada yake baba, alikuwa anaolewa. Alikuwa amefika umri ambao watu walishaacha kumuuliza, wakawa wanamwonea huruma kwa kumpa kazi: harusi za wenzake zote yeye ndiye alikuwa jikoni. Sasa mwalimu mmoja mjane wa Iringa alikuwa amekuja kumposa, na tukasikia pia kwamba mama yake mwalimu hajaridhika, anasema mwanawe anachukua mtu mzima. Kwenye kikao, wenzake wakitaja nani ataleta ng'ombe na nani ataleta viti, baba alisimama. Alikuwa fundi rejeta, mtu wa maneno machache na kucha nyeusi. Akasema bibi harusi atamfikisha Iringa yeye mwenyewe, kwa gari la zamani la kifahari, ambalo atalitengeneza hapo uani. Kilizuka kicheko ambacho nilikisikia mpaka chumbani. Mwenyekiti wa kamati aliuliza kama waandike gari au waandike dua.

Mfano wa gari aliupata kwenye kalenda ya duka la vifaa vya ujenzi: gari refu la enzi hizo, boneti kama jeneza, mataa mawili ya mbele yaliyotuna kama macho ya mtu aliyeambiwa siri. Tatizo la picha ni kwamba ilionyesha uso na ubavu wa kushoto tu. Kwa hiyo upande wa kushoto wa gari la baba ulikuwa wa kifalme, upande wa kulia ulikuwa wa kukisia, na nyuma, ambako hakuna aliyejua kukoje, paliishia kufanana na kabati la vyombo. Chini yake kulikuwa na chesisi na injini ya pikapu yake iliyochoka. Mbao alichonga jirani yetu Fundi Ambokile, seremala Mnyakyusa mwenye mdomo, ambaye kila akipita aliligonga bodi na kuuliza, "Baba Zuhura, hili tunalipaka rangi au tunalitia sahani?"

Lakini taa hazikuchekwa na mtu. Baba alikuwa ameweka pembeni kwa miaka matangi ya rejeta za malori ya zamani, zile ambazo vichwa vyake vilikuwa vya shaba tupu, kabla hazijaanza kuja hizi za plastiki. Alizikata, akazinyoosha, akapata vipande viwili tu vya kutosha, vingine vyote vilikuwa vimetobolewa na kutu na kujaa viraka. Fundi Ambokile akamchongea gogo lenye shimo kama la kinu kifupi. Baba akaweka bati juu ya shimo na kuanza kuligonga kwa kuzunguka, duara ndani ya duara, motoni, ndooni, gogoni, na mimi niliyekuwa nimetoka kitandani kufuata joto la mkaa nikasahau kurudi. Sikuwahi kuona kitu kama kile. Bati lilikuwa bapa kama chapati. Kesho yake likawa limebonyea kama kiganja. Keshokutwa lilikuwa sahani. Na mwisho wa wiki lilikuwa bakuli la kina, bila kiungo, bila mkunjo, utadhani limemea. Nilimuuliza baba bati limepata wapi kina wakati hakuliongeza. Akasema, "Limejitoa lenyewe. Lilikuwa nene, sasa ni jembamba. Shika." Nikashika. Lilikuwa jepesi kama ganda la yai, na nikaogopa kupumua.

Bakuli la pili lilichukua wiki nyingine, na yakawa mawili yanayolingana kwa jicho na kwa uzi. Ila yalikuwa meusi kwa moto, na kung'arisha shaba nyumbani kwetu ilikuwa kazi ya Bibi. Kwao masinia na madele ya kahawa yalisuguliwa kila Alhamisi, na alikuwa na utaratibu wake: kwanza unapaka ukwaju, unahesabu mpaka mia, unaosha, halafu unasugua kwa majivu ya pumba za mpunga, si majivu ya kuni, pumba hasa, alizokuwa analetewa kwa gunia kutoka Madibira, anazichoma, anachekecha majivu kwa kipande cha kanga mpaka yanakuwa laini kama poda. Akanikabidhi mabakuli yote mawili, ikiwa imebaki siku tatu harusi ifike, akasema, "Mke mwenzangu, ukwaju ni wa kupita tu. Usilale naye."

Sasa nifikirieni mimi, mtoto mvivu mwenye akili. Nilisugua robo saa, vidole vikafa ganzi kwa maji ya baridi. Nikaona kama ukwaju wa kuhesabu mia unatoa weusi kidogo, basi ukwaju wa siku nzima utatoa weusi wote, na majivu hayatahitajika. Nilichemsha ukwaju wote uliokuwa jikoni, nikaongeza chumvi, nikazamisha mabakuli kwenye beseni, nikafunika kwa kawa, nikaenda kulala na redio. Hiyo ilikuwa Alhamisi. Ijumaa, wanaume wakiwa msikitini, nilifunua kwenda kuvuna ushindi wangu. Weusi ulikuwa umetoka, kweli. Na njano nayo imetoka. Mabakuli yote mawili yalikuwa ya waridi, waridi ya ufizi, yamefifia, hayana hata dalili ya kung'aa.

Nikajaribu kuyaosha. Nikajaribu sabuni. Nikajaribu kuumwa tumbo, na safari hii liliuma kweli. Bibi alipoyaona hakunipiga, aliketi kwenye kibao, akasema, "Umelala naye." Hilo tu. Baba alirudi na kanzu yake nyeupe, akachukua bakuli moja, akaligeuza juani, akalikwaruza kwa ukucha. Nilisubiri kofi ambalo lingenipunguzia uzito. Badala yake akasema taratibu, kama anayemweleza mteja, "Ukali umekula kilichokuwa njano, umeacha nyekundu juu. Chini bado ipo." Nikamwambia tulete tupa, tulete msasa. Akatikisa kichwa. Bati lilikuwa limeshajitoa mpaka mwisho wake. Msasa ungetoboa kwenye mzunguko, na shaba nyingine hakuna. Fundi Ambokile, aliyekuwa dirishani kama kawaida, akasema, "Paka rangi ya dhahabu, ndugu yangu. Nani atakwenda kukwaruza taa huko Iringa?"

"Mama mkwe," baba akasema. Hakuna aliyecheka. Ndani, Shangazi Mwanahawa alikuwa ameketi na mikono yake yenye hina mbichi ameiweka hewani, hawezi kushika kitu, hawezi hata kujifuta uso. Aliniita. "Zuhura, naambiwa taa zangu zimekuwa waridi." Nikasema ndiyo, shangazi. Akatabasamu, akasema, "Haya, basi tutasema nilichagua mwenyewe," halafu akageuza uso ukutani, na mabega yake yakaniambia alichokuwa anafanya. Mpaka siku ile nilidhani gari lile ni mchezo wa baba. Pale mlangoni nilielewa kwamba kuna mtu mmoja katika dunia ambaye hajawahi kutengenezewa kitu, na kitu chake kimoja nimekiharibu mimi kwa kutaka kulala.

Jumamosi asubuhi wanawake walikuja kuchagua mchele wa harusi, kama ishirini hivi, kila mmoja na ungo wake, wamejaa kwenye majamvi uani. Bibi alitoka na beseni la majivu ya pumba, akaweka mabakuli mawili katikati yao. "Nimekuja na ungo mwingine," akasema. "Kila mtu mara mia, kwa kidole gumba, asitumie kitambaa, asikandamize. Anayekandamiza nitamjua." Wale wale ambao waume wa baadhi yao walicheka kikaoni wakaanza. Bakuli lilipita mkono kwa mkono, mapajani, gumba likizunguka na majivu mabichi, huku mchele ukiendelea kuchaguliwa na mikono iliyobaki. Waliimba, waliniimba na mimi: yuko wapi mvivu aliyepika ukwaju, mwiteni atie maji. Nilitia maji. Nilisugua zamu yangu na zamu za wenye watoto wachanga, mpaka alama za kidole gumba zikafutika kabisa. Baada ya swala ya adhuhuri, mwanamke mmoja aliinua bakuli kuliangalia, akasema, "Jamani." Kwenye mzunguko wa juu palikuwa na ukucha wa njano, kama mwezi mwandamo. Ukaongezeka. Kufika alasiri mabakuli yote mawili yalikuwa yanawaka, na waliokaa karibu walikuwa na mwanga wa njano chini ya kidevu. Nawaambieni, sijaingia msikiti wala kanisa lenye kimya kama kile kilichokuwa uani kwetu. Mchele wenyewe ulisimama. Baba alikuja na bisibisi, akaona, akasahau alichokuja kufanya.

Ndoa ilifungwa Jumapili mapema, na tukaondoka: baba kwenye usukani, mimi pembeni na mfuko wa majivu, maharusi nyuma, magoti ya mwalimu yakigusa mabega yetu. Tulipitwa na malori, tulipitwa na mabasi, na karibu na Chimala tulipitwa na baiskeli moja, ambayo baba anaikana mpaka leo. Kila tuliposimama nilishuka kufuta wadudu kwenye taa. Makambako askari wa barabarani alitusimamisha, akalizunguka gari kutoka kushoto kwenda kulia, akashangaa zaidi kadiri alivyozunguka, akauliza, "Mzee, hili la mwaka gani?"

"La mwaka huu, afande."

Askari aliinama mbele ya taa, akarekebisha kofia yake, akaturuhusu. Mafinga baridi ilitupiga mpaka bibi harusi akafunikwa blanketi juu ya shela, na hakulalamika hata mara moja. Tulipanda mlima wa kuingia Iringa mjini kwa gia ya kwanza, jua likiwa nyuma yetu limeinama, na watu wakatoka madukani. Hawakupiga kelele, walisogea tu. Nyumbani kwa mwalimu, mama yake alikuwa amesimama kizingitini, mikono kifuani, uso umefungwa. Alishuka ngazi polepole. Hakuja mlangoni kwa mkwe wake. Alikwenda mbele, kwenye taa ya kushoto, akanyoosha kidole akaikwaruza kwa ukucha. Nikashika mkono wa baba. Ukucha haukutoka na kitu. Yule mama akaendelea kuinama, na nikatambua haangalii taa tena, anajiona mwenyewe. Akaweka sawa kitambaa chake cha kichwa, akajifuta pembe za mdomo, halafu ndipo akaja kufungua mlango, akamwamkia kwa Kihehe, "Kamwene, mwanangu," akamtoa shangazi kwa mikono yake miwili.

Gari lile halikufika kwenye harusi yangu. Mchwa walianzia milango ya Fundi Ambokile, chesisi ikamalizia yenyewe, na mikono ya baba sasa inatetemeka akishika kikombe. Kamati yangu haikucheka mtu, wala haikuwa na cha kuchekesha: waliagiza gari kwa simu, likaja jeupe, refu, lina utepe, lina ubaridi wake ndani, pande zote mbili zinafanana. Kila aliyeliona alisema limependeza, na kweli lilipendeza. Baba alikaa mbele, akapitisha kidole kwenye ile sehemu inayong'aa, akasema kwa adabu, "Limetulia." Safari nzima ilikuwa dakika kumi na mbili. Nilipokuwa nashuka nilitaka kusimama kidogo mbele ya gari tupige picha, mimi na baba, lakini dereva alitelemsha kioo akaniomba radhi sana, dada yangu, hataweza kusubiri. Alikuwa na bibi harusi mwingine saa kumi.